Ova Mbili za Fred Hyland

Mechi 1. Zamu za kupiga 0. Mikimbio 0. Mipira aliyorusha 0. Mipira aliyodaka 0.

Huo ndio wasifu mzima wa Frederick James Hyland katika kriketi ya daraja la kwanza nchini Uingereza. Ukiupitia haraka utadhani karani wa alama aliondoka mezani kabla ya kuujaza. Karani alikuwepo, na alijaza kila kilichostahili kujazwa.

Mwaka 1924 timu ya kaunti ya Hampshire ilisafiri hadi Northampton kucheza na Northamptonshire katika michuano ya ubingwa wa kaunti. Mechi ilipangiwa siku 3. Wenyeji wakaanza kupiga. Kwa upande wa Hampshire, Stuart Boyes na Jack Newman wakarusha ova moja moja, na ova ni mipira 6. Baada ya ova hizo mbili Northamptonshire walikuwa na mkimbio 1, hakuna aliyetolewa. Mvua haikuruhusu zaidi ya hapo. Siku 3 zikaisha, wachezaji wakafunga mizigo yao, na Hyland, aliyekuwa amesimama uwanjani kama mmoja wa wale 11 wa Hampshire, hakucheza tena mechi nyingine ya daraja hilo maisha yake yote.

Wapenda takwimu wanamjua vizuri. Kila inapotungwa orodha ya maajabu ya kriketi, jina lake halikosi: mtu mwenye safari fupi kuliko zote. Husomwa, watu wakacheka, wakageukia ajabu linalofuata. Mimi kicheko hicho kinaniudhi, na kadiri nilivyosoma habari za kriketi ya wakati ule ndivyo kilivyozidi kuniudhi. Nadhani tunamcheka mtu aliyefanya kazi yake yote aliyopewa kufanya siku ile.

Kwa msomaji ambaye kriketi kwake ni kitu cha kupita kwenye runinga, nieleze kidogo. Timu moja inapopiga, wachezaji wake wawili tu ndio wako uwanjani. Timu nyingine inakuwa na watu wote 11: mmoja anarusha, mmoja anakaa nyuma ya vijiti kudaka, na 9 waliobaki wametawanywa uwanja mzima kuuzuia mpira. Hao 9 ndio wengi kuliko wote, na ndio ambao kitabu cha alama hakina safu yao. Mpigaji akipata mikimbio, huandikwa. Mrushaji akimtoa mtu, huandikwa. Mzuiaji huandikwa akidaka mpira hewani au akishiriki kumtoa mpigaji anayekimbia. Lakini ule mpira alioukimbilia hatua 30 akauzuia usifike mpakani, ukaleta mkimbio 1 badala ya 4, hauna mahali pa kuandikiwa. Unapotea pale pale.

Nilicheza kriketi shuleni Nairobi, na kazi yangu kubwa ilikuwa hiyo ya kuzuia. Watu hudhani mzuiaji amesimama tu akisubiri. Hasubiri. Mrushaji anapoanza kukimbia, wewe nawe unaanza kusogea polepole kuelekea kwa mpigaji, magoti yamelegea, mikono iko mbele, macho hayatoki kwenye ule ubapa wa gongo. Mpira unapotoka mkononi mwa mrushaji, mwili wako wote umeshajikunja tayari kwenda kulia au kushoto. Tisa kwa kumi hauji kwako. Unajinyoosha, unarudi ulipokuwa, unaanza upya. Hyland alifanya hivyo kwa mipira 12. Hakuna mpira hata mmoja kati ya hiyo ambao alijua kabla kwamba hautakuja kwake, kwa hiyo kila mmoja ilimbidi aucheze. Hiyo ndiyo kriketi yenyewe. Aliyepiga mikimbio 200 naye amepitisha sehemu kubwa ya maisha yake ya mchezo akifanya hicho hicho.

Tena tazama alikuwa amesimama na nani. Hampshire ya miaka ile haikuwa timu ya kuokota watu barabarani. Newman, mmoja wa warushaji wa zile ova mbili, alimaliza na wiketi zaidi ya 2,000 za daraja la kwanza, yaani wapigaji aliowatoa, na Uingereza haikumwita kwenye timu ya taifa hata mara moja. Boyes, mrushaji wa mkono wa kushoto wa mipira ya kuzungusha, aliichezea Hampshire kuanzia 1921 hadi 1939 na kufikisha wiketi zaidi ya 1,400. Mpigaji mkuu wa klabu enzi hizo alikuwa Phil Mead, aliyeanza 1905 na kuacha 1936, akiwa ameifungia Hampshire mikimbio 48,892. Mpaka leo hakuna binadamu aliyeifungia timu moja mikimbio mingi kuliko hiyo. Nahodha wa klabu alikuwa Lionel Tennyson, bwana mkubwa wa ukoo wenye cheo, mtu wa mbwembwe na ujasiri.

Miaka miwili tu kabla ya mechi ya Hyland, mwezi Juni 1922, timu hiyo ilitolewa yote kwa mikimbio 15 ilipocheza na Warwickshire mjini Birmingham. Kumi na tano, timu nzima, na wapigaji 8 walitoka bila mkimbio hata mmoja. Wakalazimishwa kupiga tena papo hapo. Wakapiga 521 na kushinda mechi kwa mikimbio 155. Nimesoma matokeo ya michezo mingi ya zamani, na hayo bado yananisisimua kila nikiyarudia. Hao ndio watu ambao ungelazimika kuwashawishi kabla hawajakupa nafasi ya kuvaa kofia yao.

Hyland aliwashawishi, na aliwashawishi akiwa na miaka 30. Alizaliwa tarehe 16 Desemba 1893 huko Battle, katika kaunti ya Sussex, si Hampshire. Kanuni za enzi hizo zilimfunga mchezaji kwenye kaunti aliyozaliwa. Aliyetaka kuchezea kaunti nyingine alitakiwa aishi huko miaka 2 kwanza. Hesabu umri wake upate picha. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914 alikuwa na miaka 20. Ubingwa wa kaunti ulisimamishwa misimu minne, 1915 hadi 1918, na uliporudi mwaka 1919 yeye alikuwa anakaribia 26. Miaka ambayo kijana hukomaa kimchezo, akakosea, akarekebishwa, akapewa nafasi ya pili, kwa wanaume wa rika lake ilikuwa imekatwa kisu. Wengi hawakurudi kabisa kutoka mitaroni. Hivyo ninapoona 1924 kwenye wasifu wake, siioni kama mwaka wa mwanzo. Naona mlango uliofunguliwa umechelewa, na nyuma yake kulikuwa na vijana wa miaka 19 wamepanga foleni.

Kuna jambo jingine ambalo takwimu hazilisemi: Hyland alicheza kama mchezaji wa kulipwa. Leo maneno hayo ni sifa. Mwaka 1924 yalikuwa tabaka. Kriketi ya Uingereza iligawa wachezaji mafungu mawili, waungwana wasiolipwa na wafanyakazi wanaolipwa, ndani ya timu moja. Viwanja vingi viliwawekea vyumba tofauti vya kubadilishia nguo na hata mageti tofauti ya kuingilia uwanjani. Kwenye karatasi ya alama herufi za majina ya muungwana zilitangulia ukoo wake. Za mfanyakazi zilikuja nyuma, au hazikuwekwa. Nahodha alikuwa muungwana, hata kama wafanyakazi watano chini yake waliujua mchezo kuliko yeye. Mgawanyo huo ulifutwa mwishoni mwa 1962, na Hyland alikufa Februari 1964. Karibu umri wake wote aliishi ndani ya utaratibu huo.

Jinsi ulivyobana unaweza kuuona kwa Newman. Mwaka 1922 mjini Nottingham, watazamaji wakimzomea, alikataa kuendelea kurusha. Tennyson akamwamuru atoke uwanjani. Newman aliondoka, na alipokuwa anaondoka akavipiga teke vijiti vya wiketi. Baadaye aliomba radhi. Huyo alikuwa mmoja wa warushaji bora wa nchi, mtu mzima, na bado alifukuzwa mbele ya umma kama mtoto wa shule. Sasa fikiria nafasi ya mtu aliyekuja kwa mechi yake ya kwanza, asiye na jina, ambaye riziki yake ilitegemea kama ataitwa tena wiki ijayo. Muungwana mvua ilimharibia starehe. Mfanyakazi ilimharibia mtihani wa kazi.

Na mvua ya wakati ule haikuwa mvua ya leo. Siku hizi viwanja vikubwa vina mashine za kufyonza maji, vina mifereji chini ya nyasi, na ukanda wa katikati unafunikwa tone la kwanza likidondoka. Mwaka 1924 ukanda wenyewe, ule ambapo mpira hudunda, uliachwa wazi mechi ikishaanza. Maji yaliingia ardhini, na hata jua likitoka ilibidi kusubiri saa nyingi, pengine siku, wakati waamuzi wanakwenda katikati, wanabonyeza udongo kwa vidole, wanatikisa kichwa, wanarudi. Wachezaji walikaa vyumbani wakicheza karata. Ndiyo maana mechi ya siku 3 iliweza kumezwa yote ikabaki na ova 2. Lakini kwa kuwa ilikuwa imeanza, ilihesabiwa. Mpira ukisharushwa, mechi ipo, na wote 22 wameicheza.

Kiangazi kile cha 1924 kilikuwa na mwenzake Hyland, na huyu simwachi, kwa sababu kisa chake kinafanana mno na cha Hyland na wakati huo huo kiko mbali nacho. Jack MacBryan wa kaunti ya Somerset aliitwa timu ya taifa ya Uingereza kucheza na Afrika Kusini katika uwanja wa Old Trafford, Manchester, mwezi Julai. Afrika Kusini walianza kupiga, wakafikisha mikimbio 116 kwa wiketi 4, na mvua ikaivunja mechi. MacBryan hakupiga, hakurusha, hakudaka, na hakuitwa tena. Katika historia yote ya Test, zile mechi za kimataifa za siku kadhaa, yeye peke yake ndiye aliyecheza bila kupiga, bila kurusha na bila kushiriki kumtoa mtu.

Lakini MacBryan alikuwa muungwana, na maisha yake yalikuwa na kurasa nyingine. Alijeruhiwa na kutekwa na Wajerumani huko Le Cateau mwezi Agosti 1914, wiki za mwanzo kabisa za vita. Mwaka 1920 alishinda medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Antwerp, katika mpira wa magongo. Alifunga zaidi ya mikimbio 10,000 ya daraja la kwanza, na kitabu cha mwaka cha Wisden kilimtaja miongoni mwa wachezaji bora watano katika toleo la 1925. Alifariki mwaka 1983, siku chache kabla ya kutimiza miaka 91. Anapotajwa kwa mechi yake ile moja, hakuna anayemcheka. Husemwa alikosa bahati. Mvua ilikuwa ile ile, kiangazi kile kile, mzuiaji amesimama vile vile mikono mitupu. Mmoja tukampa huruma, mwingine tukamfanya kichekesho. Tofauti ninayoiona ni kwamba mmoja tunajua mengi mengine juu yake.

Hata uwanja wenyewe wa Northampton una ushahidi wa hilo. Mwaka uliofuata, 1925, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha Dublin alicheza pale pale dhidi ya Northamptonshire, akarudi tena 1926. Mechi 2, mikimbio 35 kwa zamu zote nne, wiketi hakuna. Aliitwa Samuel Beckett, na mwaka 1969 alipata Tuzo ya Nobel ya fasihi. Watu huandika habari za kriketi yake kwa heshima na furaha, kwa mikimbio 35.

Sisi wa Afrika Mashariki tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili, maana tunao wa kwetu, na walicheza huko huko Uingereza. Kombe la Dunia la kwanza la kriketi lilifanyika Uingereza mwezi Juni 1975, na miongoni mwa timu 8 ilikuwemo moja iliyoitwa Afrika Mashariki, wachezaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, nahodha wao Harilal Shah wa Kenya. Walicheza mechi 3, wakafungwa zote. New Zealand iliwapiga mikimbio 309, ambapo Glenn Turner peke yake alifunga 171 bila kutolewa. India ilizifikia 120 zao bila kupoteza wiketi. Uingereza ikawatoa kwa 94. Kisha timu ile haikuwepo tena katika Kombe la Dunia, na wachezaji wale safari yao ya mechi za kimataifa za siku moja ikaishia hapo hapo, ndani ya wiki moja.

Mmoja wao alikuwa John Nagenda wa Uganda, mzaliwa wa Gahini, Rwanda. Alicheza mechi 1 tu kati ya zile 3, ile ya New Zealand, akapata wiketi 1. Baadaye watu walimjua kwa kalamu yake kali gazetini na kwa miaka yake ya kumshauri Rais Museveni, hadi alipofariki mwaka 2023. Mwingine ni Don Pringle, aliyecheza mechi 2 na kufariki kwa ajali ya gari nchini Kenya kabla mwaka huo haujaisha. Mwanawe Derek, aliyezaliwa Nairobi, alikuja kuichezea timu ya taifa ya Uingereza. Wengine wa kikosi kile hutajwa tu kwenye jedwali: mechi 1, mechi 2, mechi 3. Nimesikia mashabiki wetu, waliokua na ile Kenya ya 2003 iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia, wakiisema timu ya 1975 kwa dharau, kama aibu ya kusahauliwa. Sikubali. Wale walikuwa watu wenye kazi zao za ofisini na madukani waliopelekwa mbele ya warushaji wa kimataifa wenye kasi, enzi ambazo hakuna aliyevaa kofia ya chuma kichwani. Walikwenda katikati wakasimama. Kabla ya Steve Tikolo na wenzake wa ile Kenya ya 2003 kulikuwa na hao.

Ninachokidai kwa Hyland ni kile kile. Sidai kwamba alikuwa mchezaji mkubwa aliyenyimwa. Mechi moja ya ova 2 haiwezi kuthibitisha hilo, wala kulikanusha. Nadai tu kwamba alichaguliwa na watu waliojua kuchagua, akavaa, akatoka, akacheza kilichokuwepo kuchezwa. Wanaomwita mtu asiyefanya chochote wanasoma sufuri za karatasini kana kwamba ni sufuri za mtu.

Baada ya kriketi alihamia kaskazini magharibi, kaunti ya Cheshire, akawa mwenye kitalu cha miche na mimea. Ni kazi isiyotaka haraka. Mche wa tufaha unaoupandikiza mwaka huu utauza miaka inayokuja, mteja atakusifu au kukulaumu baada ya miaka mingine kadhaa, na katikati ya hapo unapalilia, unapunguza matawi, unasubiri. Alifariki tarehe 27 Februari 1964, akiwa na miaka 70. Wisden, kitabu ambacho kila mwaka huwakumbuka marehemu wa mchezo huu, wakubwa kwa wadogo, kilimpa nafasi yake katika toleo la 1965: mistari michache, mechi yake ya Northampton, ova zile mbili, mkimbio ule mmoja. Kisha kikaongeza kwamba baadaye alijijengea jina Cheshire kwa kitalu chake. Kwa mistari hiyo michache mhariri alimtendea haki kuliko orodha zote za maajabu nilizowahi kusoma.